Mtoto Anatapika au Anacheua?

Mwalimu mlezi wa chama aliponiambia niandike makala ya somo kwa ajili ya jarida la mwaka huu, bila shaka alitarajia ngeli au ufupisho. Hata nilikuwa nimeanza na ngeli. Kisha nikakumbuka yaliyotupata mimi na dada yangu likizo ya Aprili mwaka uliopita, nikaona kuna neno moja la Kiswahili ambalo sote tunapaswa kulijua, hasa sisi tulio na wadogo nyumbani. Neno lenyewe ni kucheua.

Najua mtakachosema. Kucheua ni kazi ya ng'ombe na mbuzi, wanaporudisha majani mdomoni wakiwa wamelala chini ya mti. Hata mimi nilijua hivyo tu, na alama zangu za Kiswahili si haba.

Kwetu ni Rongo, Kaunti ya Migori. Dada yangu ameolewa upande wa Rodi Kopany, Kaunti ya Homa Bay, safari isiyozidi saa moja kwa matatu kama dereva hasimami kila mahali. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, mvulana, na mumewe yuko kazini mbali. Shule zilipofungwa nikatumwa niende nimsaidie kuchota maji, kupasua kuni na kumbeba mtoto. Basi nikawa mjomba kamili, mwenye maziwa yaliyoganda begani kutoka asubuhi hadi jioni. Kila akinyonya, maziwa yanarudi. Ukimweka begani yanarudi. Ukimlaza yanarudi. Shati zangu zote mbili zikawa zinanuka kama kibuyu.

Kila aliyeingia pale nyumbani alikuwa na jibu. Bibi mmoja wa boma la jirani alisema ni sihoho, yaani kuna mtu mwenye jicho baya aliyemtazama mtoto akinyonya. Mama mmoja mchuuzi wa omena, aliyewahi kuishi Tarime ng'ambo ya mpaka, alimpanua mtoto mdomo kwa kidole, akatazama ufizi, akasema, "Haya ni meno ya plastiki. Yasipong'olewa mtoto atakwisha." Alimjua mzee wa kuyang'oa, na akaahidi kumleta Jumamosi. Malipo ni kuku mmoja na shilingi 300. Mwenye duka la dawa sokoni naye alimsikiliza dada kwa dakika mbili hivi akiwa nje ya dirisha, akasema ni asidi, akamuuzia chupa ya dawa. Mtoto hakumgusa. Hata hakuuliza uzito wake.

Nataka mwone jambo hapa. Watu watatu, majina matatu ya ugonjwa, na wote walisikia sentensi moja tu kutoka kwetu: "Mtoto anatapika." Sisi wenyewe ndio tuliowapa neno hilo. Nyumbani tulikuwa tunaita kila kinachotoka mdomoni mwa mtoto kwa jina hilohilo moja.

Dada alikuwa amechoka. Alikubali Jumamosi. Kilichotuokoa ni kwamba Ijumaa ilikuwa siku ya chanjo ya wiki 10, na dada yangu hakosi siku ya kliniki hata mvua inyeshe mawe. Tukapanda matatu mpaka mjini Homa Bay. Muuguzi aliyempima mtoto uzito aliona jinsi alivyonilowesha, akamuuliza dada, kisha akatutuma chumba cha daktari kabla ya kwenda nyumbani.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, na Kijaluo alikuwa anajua salamu tu. Dada naye Kiswahili kinampiga chenga akiwa na wasiwasi. Kwa hiyo nikawa mkalimani. Nilijivuna kidogo, sitaficha.

"Haya mwanangu," daktari akaniambia, "muulize dadako. Huyu mtoto yuatapika ama yuacheua?"

Sikumgeukia dada hata kidogo. Nikajibu mwenyewe, "Anatapika, daktari. Kucheua si kwa ng'ombe?"

Akaweka kalamu chini. Nilidhani atanicheka, lakini hakucheka. Alisema, "Na mtoto pia hucheua. Maziwa yakimrudi yenyewe, akiwa ametulia, yakamtiririka kidevuni, huko ni kucheua. Akitapika, tumbo hujikaza, hujikunja, uso humbadilika, na kitu hutoka kwa nguvu. Umenijibu lako. Sasa nataka la mama mtoto."

Nikamuuliza dada kwa Kijaluo, polepole safari hii. Dada akasema yanatiririka tu, tena wakati mwingine mtoto yuko katikati ya kucheka. Nilitafsiri huku nikitazama viatu vyangu. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni huyo alikuwa ametoka Pwani kuja kunifunza neno la lugha ninayofanyia mtihani.

Baada ya hapo maswali yalikuja mengi, nami sikujibu hata moja kwa kichwa changu. Yanarudi muda gani baada ya kunyonya? Rangi gani, meupe, ya kijani, au yana damu? Akimaliza anataka kunyonya tena au anakataa titi? Analia na kujipinda mgongo wakati wa kunyonya? Nepi ngapi zinalowa kwa siku? Choo chake kikoje? Amewahi kupata homa? Anakohoa usiku? Mtoto alizaliwa kwa miezi kamili? Daktari akampapasa tumbo lote, akagusa utosi kuona kama umevimba au umebonyea, akamtazama mdomoni, akasikiliza kifua.

Kisha akafungua kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho nilikuwa nadhani ni cha kuandikia chanjo tu. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Siku hiyo alikuwa na kilo 5.0. Daktari akanipa kalamu nipige hesabu: gramu 1,900 kwa siku 70, yaani karibu gramu 27 kwa siku. Akasema mtoto wa umri huo akiongeza kati ya gramu 20 na 30 kwa siku anakwenda vizuri. "Mtoto mwenye ugonjwa mkubwa wa tumbo hanenepi hivi," akasema. Mstari wa uzito ulikuwa unapanda sawasawa na mistari iliyochapwa, na sisi tulikuwa tunaubeba mfukoni siku zote hizo bila kuusoma.

Mwisho akamwomba dada amnyonyeshe palepale mbele yake. Hapo ndipo siri ikatoka. Dada alipomaliza alitoa chupa kwenye mkoba, maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, akataka kumwongezea. Alikuwa anaona maziwa yakirudi, anafikiri mtoto amebaki na njaa, anamjaza tena, na yanarudi tena. Ilikuwa kama kumimina maji katika mtungi uliojaa kisha kuulaumu mtungi. Daktari alisema mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Anyonye kidogokidogo mara nyingi, kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, apigwe mgongo abeue, ashikwe wima kwa muda. Wakati wa kulala alazwe chali hata kama anacheua. Hilo la mwisho dada alilipinga, maanake sote tulikuwa tunaogopa atapaliwa. Daktari akasema kulala kifudifudi ndiko kwenye hatari zaidi.

Sasa, wasomaji wapenzi, turudi darasani kidogo. Tulisoma katika kidato cha kwanza kwamba chakula hushuka kwa umio hadi tumboni, na tumbo hutoa asidi ya haidrokloriki. Pale umio unapoungana na tumbo kuna misuli ya mviringo inayokaza na kulegea kama mdomo wa gunia lenye kamba. Kwa mtoto mchanga kamba hiyo hulegea ovyo mara nyingi. Umio wake ni mfupi, chakula chake chote ni maji, na muda mwingi amelala. Lazaneni chupa ya maziwa yenye kifuniko kilicholegea mwone. Mwaka 1997 watafiti wa Chicago huko Marekani walitangaza matokeo baada ya kuwauliza wazazi wa watoto 948 wenye afya. Nusu ya watoto wa chini ya miezi mitatu walikuwa wanacheua angalau mara moja kwa siku. Kufikia mwezi wa nne walikuwa 67 kati ya kila 100. Kati ya mwezi wa 10 na wa 12 walikuwa wamebaki 5 tu kati ya 100. Hawakupona kwa dawa wala kwa kung'olewa kitu. Walikua, wakaketi, wakaanza kula vyakula vizito.

Je, ina maana hakuna ugonjwa wa asidi kwa watoto? Upo. Kucheua kunageuka kuwa ugonjwa pale kunapoleta madhara. Mtoto anakataa kunyonya kwa sababu umio unamchoma, hanenepi, anatoa damu kidogo kwa sababu umio una vidonda, au maziwa yanaingia mapafuni akawa anarudiwa na nimonia. Wapo hata wanaojipinda shingo na mgongo kwa namna ambayo ungeapa ni degedege. Hali hiyo ina jina la daktari Paul Sandifer wa London, na ilielezwa katika maandishi mwaka 1964. Nafikiria watoto wangapi wa aina hiyo wamewahi kufukizwa moshi usiku kwa kudhaniwa wana mashetani.

Zaidi ya hayo kuna kutapika ambako si asidi kabisa, na hapa ndipo jibu langu la haraka lingeweza kuleta hasara. Mtoto wa wiki tatu hadi nane hivi anayetapika kwa kuruka, maziwa yakafika mbali, kisha papo hapo anataka kunyonya tena, huenda mlango wa chini wa tumbo umenenepa misuli na kuziba. Harald Hirschsprung wa Denmaki aliueleza ugonjwa huo mwaka 1887, lakini watoto waliendelea kufa kwa njaa mpaka Conrad Ramstedt wa Ujerumani alipotangaza mwaka 1912 upasuaji wake wa kuukata msuli huo, upasuaji unaofanywa mpaka leo. Mtoto anayetapika kijani, yaani nyongo, huenda utumbo umejisokota, na huyo hangoji asubuhi. Na huku kwetu kandokando ya ziwa, mtoto mwenye homa anayetapika lazima kwanza damu yake ipimwe malaria. Si bure kwamba chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya pale Ndhiwa, Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019, na Migori ikawa kati ya kaunti zilizoanza nayo.

Nilimuuliza daktari kwa nini asitumie mashine akamaliza maneno. (Nilitaka kuona mashine, kusema kweli.) Akasema vipimo vipo katika hospitali kubwa. Kuna waya mwembamba unaopitishwa puani hadi kwenye umio, ukakaa saa 24 kuhesabu mara ngapi asidi imepanda. Kuna mpira wenye kamera wa kutazama vidonda. Kuna kunyweshwa dawa nyeupe ya bariamu kisha kupigwa eksirei, na hiyo husaidia zaidi kuona kama njia imeumbika vibaya. Hakuna hata kimoja kinachoweza peke yake kutoa hukumu, na vyama vya madaktari wa matumbo ya watoto wa Amerika Kaskazini na Ulaya waliandika hivyo katika mwongozo wao wa mwaka 2018. Kipimo cha kwanza ni masimulizi ya mama na mizani. Nikajiuliza: kama kipimo ni masimulizi, mkalimani mbaya si sawa na mizani mbovu?

Kwa watoto wakubwa mambo hubadilika kidogo. Hao wanaweza kusema wana kiungulia, ule moto unaopanda kifuani na uchachu kooni. Nataka mtambue kwamba kiungulia si kucheua, wala si mbweu, ambayo ni hewa tu. Kiswahili kimeyatenga yote haya muda mrefu. Lakini mtoto wa miaka minne au mitano ukimuuliza wapi panauma atakuonyesha kitovu, hata kama kinachouma ni koo. Kwa hiyo maneno yake hayatoshi. Mtoto mkubwa au kijana mwenye kiungulia cha wazi anaweza kupewa dawa ya kupunguza asidi kwa majaribio, wiki nne hadi nane, kisha daktari atazame kama amepata nafuu. Kwa mtoto mchanga anayecheua bila shida jaribio hilo halifai. Dawa haizuii maziwa kurudi, inapunguza ukali wa asidi tu, na asidi hiyo ndiyo askari wa kuua vijidudu tumboni. Ile chupa ya sokoni daktari aliisoma, akaifunga, akamrudishia dada bila kumtukana mtu.

Basi dada akanituma niulize swali la mwisho, ambalo lilikuwa limemkaa moyoni tangu asubuhi. Meno ya plastiki je?

Daktari akatuita karibu na dirisha, akampanua mtoto mdomo polepole. Pale pembeni ufizi ulikuwa umevimba kidogo, weupe. Akasema hiyo ni mbegu ya jino la chonge likijitayarisha ndani, na kila mtoto anayo. Wanaoing'oa hutumia kisu, sindano au spoku ya baiskeli iliyochongwa, na spoku ni moja kwa watoto wengi. Alikuwa ameona watoto walioletwa wakiwa wamepungukiwa damu, na wengine wenye pepopunda. Wanaopona hukua bila chonge, au na meno ya utu uzima yaliyopinda, kwa sababu mbegu yake iko chini ya ile iliyochimbuliwa. Huko Pwani kwao, akasema, mtoto wa namna hii hupelekwa kukatwa kimeo. "Kwenu ufizi, kwetu kimeo. Mtoto ni yuleyule na maziwa ni yaleyale."

Hapa niseme kidogo, nisije nikaeleweka vibaya. Babu yangu hana meno sita ya chini. Hiyo ni nago, mila ya Wajaluo wa zamani ya kuingia utu uzima, naye huieleza kwa fahari. Si tiba ya mtoto mchanga, na yeye mwenyewe nilipomsimulia habari ya spoku alishika taya.

Tulirudi Rodi jioni. Dada hakusema neno kwenye matatu, alikuwa anakitazama kile kijitabu. Usiku ule mtoto alipewa titi tu, akashikwa wima begani kwangu. Alicheua, lakini kidogo, kama kijiko kimoja.

Jumamosi saa nne mzee akafika na mfuko wake, na yule mama wa omena mbele yake. Nilitarajia ugomvi. Dada aliwakaribisha, akawapa chai, akamwambia mzee, "Baba, samahani kwa kukusumbua, mtoto hana kitu, anacheua." Alilisema neno lile kwa Kiswahili, katikati ya Kijaluo. Mzee akauliza maana yake. Dada akaleta kijitabu, akamwonyesha mstari unaopanda, kilo 3.1 mpaka kilo 5.0. Mzee aliutazama kwa muda mrefu, sijui kama alikuwa anajua kusoma. Akamaliza chai, akaomba nauli, tukampa shilingi 50.

Yule mama wa omena alibaki. Alitaka kujua kama mtoto akijikaza ndiyo kutapika, maanake mjukuu wake alikuwa anatapika siku hiyo ya pili, na alikuwa na homa. Dada aliingia ndani kuchukua leso, wakaondoka pamoja kwenda zahanati.

Mpwa wangu aliacha kucheua mwezi wa kumi, alipoanza kutambaa na kula ugali kwa supu ya ngege. Sasa ana zaidi ya mwaka mmoja, ana chonge mbili za juu, na likizo iliyopita alinizitumia kwenye kidole.